Chupa Mbili Chini ya Mikeke

Pale Uvira watu wananiita Prof. Mimi si profesa. Ni msaidizi katika chuo chenye madawati machache kuliko wanafunzi, na nimekuwa msaidizi kwa muda mrefu hata niliowafundisha wamekuwa wakuu wangu. Lakini nina diploma ya biolojia, nina miwani, na mara mojamoja ninaandika insha ambazo watu wanne au watano huzisoma hadi mwisho. Katika ukoo wetu hayo yanatosha. Mkubwa wangu, mtoto wa kwanza wa mama, aliacha shule darasa la sita ili alime mpunga Lubarika na mimi niendelee. Kwa hiyo miwani yangu ni yake pia, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Noeli moja nilifika kwake na habari ya chupa mbili. Mwanafunzi wangu wa zamani, anayefanya kazi katika duka la dawa ng'ambo ya mpaka, alinipa chupa hizo za serum, dawa ya sumu ya nyoka. Kule uwandani kila msimu wa mavuno mtu anaumwa na kifutu, yule nyoka mnene mvivu ambaye wenye Kirundi wanamwita impiri. Hakimbii akisikia hatua za mtu. Analala palepale chini ya mabua ya mpunga akingoja umkanyage au umshike.

Tulikuwa tumekwisha kula. Nikasimama, kama ninavyosimama darasani, nikawaeleza. Kwamba mbali huko kuna farasi. Kwamba farasi huyo huchomwa sindano ya sumu ya nyoka, kidogo sana, kisha ikiongezwa kidogo, wiki baada ya wiki, mpaka damu yake ijifunze. Damu yake hutengeneza askari wadogo, kingamwili, wanaoijua sumu ile kwa sura na kuikamata. Kisha hutolewa damu, chembe nyekundu zikabaki pembeni, na yale maji ya manjano ya damu yakasafishwa na kutiwa chupani. Ukiumwa, unachomwa askari wa farasi, maana wako hawajapata muda wa kujifunza.

"Na farasi anakufa?" akauliza mkubwa wangu.

"Hafi. Anakula majani yake."

"Basi kuna farasi mahali fulani ameumwa na impiri kwa ajili yangu." Akacheka mpaka akakohoa. "Mama, umesikia? Tuko na ndugu mwingine. Iko na miguu mine."

Mama yetu, ambaye hajawahi kuona farasi kwa macho yake, alisema kama ni ndugu mbona hakuja Noeli.

Wote walicheka. Mimi, badala ya kukaa chini, niliendelea. Nilipaswa kukaa chini. Nikageukia jiwe jeusi. Kila mtu wa uwandani analijua: kipande cheusi kinachobandikwa penye jeraha la nyoka, nacho hung'ang'ania chenyewe kama kupe, kikiisha kunyonya kinaanguka, kinaoshwa kwa maziwa. Pale Lubarika lilikuwa kwa bibi mmoja Mkatoliki mwenye umri wa mama yetu, aliyelipokea zamani kwa watawa. Nikawaambia kwamba jiwe lile si jiwe, ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Kwamba linanyonya maji tu, kama vile chaki inavyonyonya wino. Kwamba ni aibu, katika karne hii, mtu mzima kubandikwa mfupa. "Mtu akiumwa," nilisema, "asihangaike na bibi. Mnipigie simu. Mimi nitaleta serum."

Shemeji, mke wa mkubwa wangu, alikuwa akikusanya sahani. "Uvira ni mbali, shemeji," alisema.

"Saa mbili kwa pikipiki."

"Kama askari wa bariyeri za njiani wamelala."

"Mwache," mkubwa wangu alisema. "Mudogo wangu akisema ataleta, ataleta." Na kutoka siku hiyo katika nyumba ile serum iliitwa farasi.

*

Sina friji. Umeme wa mtaa wetu huja kama mgeni asiyetaka kuonekana anakula kwa watu. Chupa zile zilitaka baridi ya kati: karatasi yake ilisema kati ya nyuzi mbili na nane, na chini yake, kwa herufi nene, kwamba zisigandishwe kamwe. Niliisoma ile karatasi. Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Halafu nikaikunja vizuri nikaiweka ndani ya kamusi, mahali ambapo haiwezi kumdhuru mtu wala kumsaidia.

Chupa zenyewe nilizipeleka kwa jirani, mama anayeuza barafu na samaki. Yeye ana kongelateri kubwa, friji ya kugandisha, na jenereta, na mikeke wake, samaki wa ziwa letu, huwa wagumu kama kuni hata siku ambazo mji mzima uko gizani. Ni mwanamke wa heshima. Nilimwambia, "Mama, hii ni dawa ya ndugu zangu, inataka mahali pa baridi." Ndivyo nilivyosema: mahali pa baridi. Mwenye diploma ya biolojia alisema "mahali pa baridi" akaenda zake.

Baada ya wiki kadhaa nilipata mgeni, nikaenda kununua barafu. Mama akafunua kongelateri, akahamisha mikeke upande huu na upande ule, na chini kabisa, juu ya bati lenye theluji, nikaona chupa zangu. Zilikuwa nyeupe ndani, kama mishumaa miwili midogo.

"Umeona?" akasema kwa furaha. "Nilikuwekea chini kabisa, Prof. Pale kuna baridi ya kweli. Huku juu kila mtu anashikashika. Hapana mtu anaweka kitu chake pale chini, hata minye mwenyewe. Ni mahali pako."

Katika biashara yake ndivyo ilivyo: samaki wa juu huanza kulainika umeme ukisuasua, wa chini hubaki. Kumpa mtu chini ya kongelateri ni kumpa kiti cha mbele kanisani.

Kila mwaka ninafundisha somo la protini kwa kutumia yai. Ninalipasha moto, linakuwa jeupe, ninawauliza wanafunzi: likipoa, litarudi kuwa bichi? Wanasema hapana. Ninawaambia baridi kali nayo ina ubaya wake. Askari wa farasi ni protini. Wakiganda wanakunjana, wanashikana, wakiyeyuka wanaelea mafungu mafungu na hawamjui adui tena. Hayo niliyajua nikiwa nimesimama pale na bakuli langu mkononi.

Nikasema, "Asante, mama."

Kwa nini? Nimejiuliza kwa miezi, na majibu yote yananifanya mdogo. Sikutaka kumwaibisha, ndilo la kwanza. La pili ni kwamba angenirudishia chupa zangu na ningebaki nazo nyumbani katika joto. La tatu, ambalo ndilo la kweli, ni kwamba Lubarika walikuwa wamekwisha kunishangilia. Kuwaambia kwamba farasi ameganda kungekuwa kuivua miwani mbele ya watu. Nikajiambia labda zimeganda mara moja tu. Nikajiambia nitapata nyingine kabla ya mavuno. Nikaenda nyumbani na barafu, mgeni akanywa kinywaji baridi, tukazungumzia mustakabali wa nchi.

*

Simu ilikuja wakati wa mavuno, asubuhi, nikiwa darasani. Alikuwa shemeji. Sauti yake ilikuwa shwari, na kwa sababu hiyo nikatoka nje mbio.

"Mukubwa wako ameumwa. Alikuwa anabeba mafungu ya mpunga. Impiri. Kwa mguu, juu ya kifundo."

"Mwambieni asitembee. Msimfunge kamba. Mpelekeni kituo cha afya."

"Anakataa. Tulitaka kumubeba kwa bibi wa jiwe, anakataa. Anasema anangoja farasi."

Nikasikia sauti yake nyuma, yenye mzaha bado: "Mwambie akimbize! Farasi akimbie!"

Hapo palikuwa na nafasi yangu. Ingechukua sentensi moja: Yaya, mkubwa wangu, dawa imeharibika, nenda sasa hivi. Nikafungua mdomo nikasema, "Ninakuja."

Sikusema uongo. Nilikwenda. Mama wa barafu alinichimbulia chupa, akanitilia barafu katika termosi bila kutaka kitu, akaniombea njiani. Motari, dereva wa pikipiki, alikuwa kijana hodari. Tukapita Kiliba, tukapita Sange, vumbi mdomoni. Nilishika termosi kifuani kama mtu anayebeba Ekaristi. Bariyeri ya kwanza walikuwa wamelala. Ya pili walikuwa macho.

"Mu termosi iko nini, mzee?"

"Dawa ya nyoka."

"Na nyoka iko wapi?"

"Lubarika."

"Nyoka iko Lubarika, dawa inatoka Uvira," akasema yule askari akimgeukia mwenzake. "Sasa nyoka atangoja?" Wakafungua termosi. Mmoja akachukua kipande cha barafu, akakitia mdomoni, akakinyonya polepole akiniangalia. Kisha akasema haina chumvi ya samaki, ila ina harufu yake. Waliniacha niende baada ya kuisoma kadi yangu ya kazi pande zote mbili, hata upande usio na maandishi.

Zilipita saa tatu na nusu tangu simu. Nilimkuta uani juu ya mkeka, majirani wamemzunguka. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, ngozi imenyooka na kung'aa kama bilinganya, na rangi yenyewe ilikuwa ikielekea huko. Ufizi ulikuwa unatoka damu kidogo. Alitabasamu kwa meno mekundu.

"Nilisema atafika," aliwaambia watu. "Si nilisema?"

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa pale. Shemeji alikuwa amemfuata kwa siri, naye muuguzi akaja kwa miguu yake mwenyewe maana mgonjwa alikataa kwenda. Nikampa chupa. Zilikuwa zimeyeyuka njiani. Aliinua moja juani akaigeuza. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vinavyozunguka taratibu, kama ukoko wa maziwa.

Aliniangalia. Alikuwa kijana, labda wa umri wa wanafunzi wangu. Akanivuta kando, hatua tatu tu, si zaidi.

"Iliganda?"

Nikaanza kukifunga kifuniko cha termosi.

"Mzee, ninauliza. Iliganda?"

"Ilikuwa kwenye kongelateri ya samaki."

Shemeji alikuwa amesimama nasi. Alilegeza kitenge chake akakifunga upya, kwa nguvu, kama mtu anayejiandaa kubeba kitu.

"Hii hatuchomi," akasema muuguzi. "Inaweza kumuua kabla sumu haijamuua. Na hata ingekuwa nzima, mbili kwa impiri ni kidogo." Halafu, bila ubaya wowote, akaongeza: "Iko ingine ya unga. Hiyo inakaa hata kwa kabati, haitaki friji. Hukujua?"

Sikujua. Mwenye diploma hakujua.

Tulimweka kwenye pikipiki kumpeleka hospitali, katikati ya motari na mimi, nikamshika kiuno kama yeye alivyonishika mimi zamani akinivusha mto wakati wa mvua. Tulipotoka kijijini tukapita mbele ya kituo cha afya. Na hapo nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita mara mia bila kukiona. Nyumba ya bibi wa jiwe ilikuwa ng'ambo ya njia, uso kwa uso na kituo cha afya. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

Baadaye muuguzi alinieleza utaratibu wao. Mtu akiumwa, jamaa humbeba mbio kwa bibi, maana wote wanaliamini jiwe. Bibi anabandika jiwe, anasali Salamu Maria, halafu anasema, "Sasa vukeni njia, jiwe linataka kwenda na daktari." Mgonjwa anafika kituoni na jiwe lake mguuni, muuguzi anamwekea maji ya mshipa, na gari au pikipiki inatafutwa kabla jiwe halijaanguka. Mfupa wa ng'ombe hauponyi kitu. Lakini kutoka shamba la mkubwa wangu hadi mlangoni kwa bibi ni dakika kumi na tano. Ushirikina ungemfikisha hospitali saa nne asubuhi. Sayansi ilimfikisha saa tisa alasiri.

Hospitali walikuwa na ile ya unga. Walimchoma yote waliyokuwa nayo, ikamrudisha kwetu. Mguu haukurudi. Waliukata chini ya goti siku ya sita.

*

Sasa anatembea kwa magongo mawili aliyoyachonga mwenyewe. Mpunga wanalima wengine. Yeye hukaa kando ya turubai za kuanikia akifukuza kuku, kazi ya watoto, na kila anayepita anasimuliwa. Nimeisikia hadithi yake mara nyingi. Katika hadithi hiyo impiri alikuwa mrefu kuliko alivyokuwa, na mudogo wake alipita bariyeri zote kama upepo, na farasi alifika, ndiyo maana yuko hai. Mguu ni kwa sababu ya sumu kuwa nyingi. Watu wananitazama kwa heshima. Mzee mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Shemeji haongezi wala hapunguzi. Isipokuwa Jumapili moja, baada ya misa, aliweka sahani mbele yangu, mkeke mzima, mkubwa kuliko wa mwenye nyumba.

"Kula samaki, shemeji," alisema. "Weye unajua kuzitunza."

Mkubwa wangu alicheka akidhani ni mzaha wa mashemeji. Mimi nilikula. Ningefanya nini?

Shemeji alipoondoka kwenda jikoni nikaweka kijiko chini. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nilikuwa hata nimeyaandika.

"Yaya, ile dawa. Siku ile..."

"Nyamaza."

"Haikuwa..."

"Nilisema nyamaza." Alitupa kijiwe kwa kuku aliyepanda turubai, akamkosa. "Mguu ndio ulivimba. Masikio hayakuvimba. Yule muganga wa kituo alikuvuta hatua tatu, weye ulidhani ni Bujumbura?"

Sikuweza kumwangalia.

"Basi kwa nini unawaambia watu..."

"Nitawaambia nini? Kama farasi alikufa, minye nilingoja nini pale kwa mkeka? Watasema ni mjinga, aliacha bibi wa jiwe, aliacha muganga, akangoja chupa ya maji." Sauti yake haikupanda. "Sikungoja chupa. Nilingoja mudogo wangu. Na mudogo wangu alikuja. Hiyo ni kweli ao ni uongo?"

"Ni kweli."

"Basi niachie hiyo. Mguu umekwisha. Usichukue na hiyo."

Kuku alirudi kwenye mpunga. Safari hii kijiwe kilimpata.

*

Nilirudi Uvira nikiwa na amri ya mkubwa wangu ya kunyamaza, na lazima nikiri ilinifaa. Ni nadra aibu ya mtu kupata ruhusa rasmi. Jioni nilipita kwa mama wa barafu. Alikuwa anapanga mikeke, na kama kawaida aliuliza hali ya mgonjwa wake. Anamwita hivyo, mgonjwa wake, ingawa hajamwona.

"Anaendelea," nilisema.

"Mungu ni mwema. Si mimi niliitunza ile dawa? Sasa watu wote wa hapa wamejua. Juzi mama wa kona ameniletea dawa yake ya sukari, ile ya sindano. Ya mwezi mzima. Nimemwambia usiogope, hapa nilitunza dawa ya Prof." Akafunua kongelateri, akasukuma samaki pembeni. "Nimemwekea palepale pako. Chini kabisa."

Niliinama nikaangalia. Vichupa vilikuwepo, vidogo, ndani ya mfuko wa plastiki, vimefunikwa na chembe nyeupe za barafu.

Mkubwa wangu aliniomba kitu kimoja tu katika maisha yake, na nilijitahidi kutafuta namna ya kusema bila kukivunja. Haikupatikana. Nikamwambia yote, nimesimama pale, mkono juu ya mfuniko. Kwamba dawa ile ikiganda imekufa. Kwamba yangu iliganda. Kwamba haikuchomwa. Kwamba mguu umekatwa. Kwamba mama wa kona asichome hiyo, atafute nyingine leo, na iwekwe penye ubaridi tu, kwenye mtungi wa maji, popote, lakini si humu.

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mkeke mkononi. Maji yalianza kumdondoka yule samaki.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Ile siku nilikuja kununua barafu. Nilipoziona."

Akamrudisha mkeke ndani, polepole, akautoa ule mfuko wa plastiki na kuufuta kwa upande wa kitenge chake, ingawa hapakuwa tena na kitu cha kuokoa.

"Siku ile, Prof," alisema, "uliniambia asante."